Programu inasema imeunganishwa, mbona kina cha tangi kimeganda?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nasimamia mradi wa maji wa kijiji mkoani Iringa. Kwenye kibanda cha pampu tuna kifaa cha moduli: kichwa kimoja chenye tundu la waya wa mtandao, pembeni yake moduli mbili za kupokea ishara, moja ya kina cha tangi na moja ya presha, halafu moduli ya kutoa amri ya kuwasha pampu. Programu yangu ya Python iko kwenye kompyuta ya ofisini, kilomita nne kutoka hapo, na inakifikia kichwa kwa Modbus TCP (lugha ya vifaa vya viwandani inayosafiri juu ya mtandao) kupitia antena mbili za redio. Hufanya kazi vizuri siku mbili tatu, kisha kina cha tangi kinaganda kwenye namba moja. Hakuna hitilafu inayotokea kwenye skrini. Nikiuliza hali ya muunganisho najibiwa True, na nikituma ping kichwa kinajibu. Nikiizima programu na kuiwasha, mambo yanarudi sawa. Jamaa mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp amenishauri niweke cron (kipanga-ratiba cha Linux) iwe inaizima na kuiwasha kila saa. Nifuate? Nimeambatisha msimbo wangu.

JIBU: Usifuate, ndugu yangu. Aliyekushauri hakuuliza hata swali moja kuhusu kilichogandisha namba. Amekupa panadol kwa homa ambayo hajaipima.

Swali hili hunifikia mara kwa mara kwa sura tofauti. Leo ni pampu, juzi lilikuwa chumba cha baridi cha samaki, kabla ya hapo jenereta. Maneno ambayo hayakosekani ni haya: “lakini inasema True”. Hayo ndiyo yanayonisumbua kuliko mengine yote, kwa hiyo nianze nayo.

Hiyo True ni kumbukumbu ya programu yako yenyewe. Siku ulipofungua soketi, yaani ncha ya muunganisho upande wa programu yako, kichwa kilikubali, programu ikaandika True, na tangu hapo hakuna aliyekwenda kibandani kuhakikisha. Muunganisho wa TCP si bomba ambalo likipasuka utaona maji chini. Ni makubaliano yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu za pande mbili, basi. Umeme ukikatika kibandani, kichwa hakipati nafasi ya kuaga. Kikiwaka tena hakikumbuki kwamba mliwahi kuzungumza, huku upande wako ukiendelea kushika makubaliano ambayo mwenzio hanayo. Na kwa TCP, ukimya wa aliyekufa na ukimya wa asiye na la kusema ni ukimya uleule.

Msimbo wako nimeusoma. Una makosa mawili makubwa, na moja linalificha jingine.

La kwanza, hukuweka kikomo cha muda. Soketi ya Python usipoiwekea kikomo haina kikomo kabisa. Amri ya kupokea, `recv`, itasubiri jibu milele. Chukua mfano kwamba swali lako limepokelewa na kichwa, kisha umeme ukakatika kabla jibu halijatoka. Upande wako hauna tena kitu cha kutuma, kwa hiyo hauna njia ya kugundua chochote. Utabaki umesimama hapo hata kama umeme umerudi baada ya dakika mbili. Kama ni swali lenyewe lililopotea njiani, Linux italituma tena na tena, na kichwa kisiporudi, kwa mpangilio wake wa kawaida itapita kama robo saa kabla haijakata tamaa. Robo saa pampu inasukuma maji na hakuna anayejua yamefika wapi.

La pili ni ile `except: pass`, inayoiambia Python ipuuze kila hitilafu. Hitilafu ilipokuja, umeimeza. Soketi imekufa, hukuifunga, hukufungua nyingine, na kigeu cha kina kimebaki na namba ya mwisho iliyosomwa. Skrini inaichukua namba hiyo na kuionesha kana kwamba imepimwa sasa hivi. Hapo ndipo “kuganda” kulipotoka. Tangi halikuganda. Wewe ndiye uliyeacha kuliangalia, na programu ikakuficha.

Najua kuna watakaokwambia uwashe keepalive ya TCP (ujumbe mdogo wa kuuliza kama mwenzio bado yupo) na yote yataisha. Haitoshi, kwa sababu mbili. Linux husubiri sekunde 7200 za ukimya kabla ya kutuma kipimo cha kwanza, kisha hutuma vipimo 9, kila kimoja baada ya sekunde 75: zaidi ya saa mbili kabla hujaambiwa kwamba mwenzio hayupo. Unaweza kuzipunguza namba hizo, sawa. Lakini hata ukizipunguza, anayejibu keepalive ni sehemu ya mtandao ndani ya kichwa, na ndiyo hiyohiyo inayojibu ping. Moduli hazina anwani ya IP. Zimepachikwa ubavuni mwa kichwa na huzungumza nacho kwa njia yao ya ndani. Moduli ya analojia, ile inayopokea kina, inaweza kulegea kwenye reli, kichwa kikaendelea kujibu ping mchana na usiku bila kuwa na kipimo kipya hata kimoja cha kukupa.

Ushahidi wa kwamba kifaa kipo ni mmoja tu: jibu sahihi la swali ulilouliza sasa, lililofika ndani ya muda uliopanga. Ukilishika hilo, msimbo unaanza kujipanga wenyewe.

Acha thredi moja tu (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) imiliki soketi. Sehemu nyingine za programu zikitaka kusoma au kuandika, zipitishie maombi yao kwenye foleni. Kwako nimeona thredi ya skrini na thredi ya pampu zikiandika kwenye soketi ileile bila kufuli, na hapo majibu huchanganyika. Swali zima na jibu lake lipewe kikomo, tuseme sekunde mbili kwa umbali wako. Muda ukipita, funga soketi. Usiulize tena kwenye soketi ileile, maana jibu la zamani linaweza kuwa bado njiani, likafika wakati unasubiri jibu la swali jingine, ukasoma presha ukidhani ni kina cha tangi. Modbus TCP imeweka namba ya mwamala mwanzoni mwa kila ujumbe kwa ajili ya hilo. Ilinganishe. Wengi wanaoandika msimbo wao wenyewe huiacha sifuri daima na hawaiangalii kabisa.

Tena, usiandike `recv(1024)` ukaamini umepata ujumbe mzima. TCP huleta baiti kama mto unavyoleta maji, haitenganishi ujumbe na ujumbe. Soma baiti 7 za kichwa cha ujumbe, toa urefu uliotajwa humo, punguza moja kwa sababu baiti ya mwisho ya zile 7 imeshahesabiwa ndani ya urefu huo, kisha soma baiti zilizobaki mpaka zitimie. Ukitumia asyncio, maktaba ya Python, `readexactly` inakufanyia. Na `recv` ikirudisha baiti sifuri maana yake mwenzio amefunga. Si kwamba hana data.

Ukifungua upya, usigonge mlango mfululizo. Subiri sekunde moja, kisha mbili, kisha nne, mpaka 30, ukiongeza kila mara muda mdogo wa nasibu. Vichwa hivi ni vidogo na hupokea miunganisho michache tu kwa wakati mmoja. Idadi imeandikwa kwenye kitabu cha kifaa chako. Hapa ndipo ile cron ingekuumiza. Fikiria njia ya redio imekatika, cron inaua programu: kichwa hakipati habari ya kufungwa kwa ule wa zamani, kinaendelea kuuhifadhi. Ukirudia hivyo mara kadhaa, nafasi zinaisha na kichwa kinakataa kila mgeni. Kisha jamaa yuleyule atakushauri ufunge taima ya kukata umeme wa kichwa kila usiku. Nimeikuta taima ya namna hiyo kwenye paneli zaidi ya moja, na kila mara kulikuwa na mtu aliyelipwa kwa kuifunga.

Kila kipimo kibebe muda wake. Usihifadhi “68” peke yake, hifadhi 68 na saa iliposomwa. Kikizeeka kupita sekunde kumi, skrini ioneshe wazi kwamba hakijulikani, na sehemu inayoamua kuhusu pampu isikiguse. Kama kihisi chako ni cha miliampea 4 hadi 20, una zawadi nyingine: kina cha chini kabisa ni miliampea 4, kwa hiyo ukisoma miliampea sifuri, waya umekatika. Programu nyingi hutafsiri sifuri hiyo kuwa tangi tupu na kuwasha pampu.

Halafu pampu yenyewe. Vichwa vingi vina saa ya ndani inayohesabu ukimya: kisipopokea ujumbe kwa muda uliouweka, hushusha matokeo yote kwenye hali salama uliyochagua. Iwashe. Iweke, kwa mfano, sekunde 15, na hali salama iwe pampu kuzimwa. Lakini ujumbe unaoiridhisha saa hiyo utoke kwenye mzunguko uleule unaosoma kina na kuamua. Nimeona watu wakiutengea thredi yake pembeni ili “usikatike”. Mzunguko mkuu umekwama, thredi ile inaendelea kukiambia kichwa kwamba yote ni shwari, na kinga pekee iliyokuwepo imezimwa na mtu aliyedhani anaiimarisha.

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja ambako skrini ilikuwa imeonesha asilimia 68 kwa siku tatu. Mzee wa zamu alishaona kwamba namba haisogei, akauliza, akaambiwa mfumo uko sawa, taa ya muunganisho ni ya kijani. Tangi la chini likaisha maji, pampu ikazunguka kavu mpaka ikaungua. Msimbo ulikuwa na `except: pass` kama wako, na aliyeuandika alishalipwa na kuondoka. Mzee yule ndiye aliyehojiwa.

Ndiyo maana nakasirika ninapoona jinsi mifumo hii inavyouzwa sasa kwenye miradi ya maji, visima, mashamba ya kuku na vyumba vya chanjo. Mtu amenakili mistari hamsini, ameweka kitone cha kijani kwenye simu, anaita kazi imekwisha. Wengine hufungulia mlango (port) wa 502, ule wa Modbus TCP, kwenye intaneti ili mteja aone tangi akiwa safarini, wakati Modbus ya kawaida haina nenosiri: anayefika mlangoni anaweza kuwasha pampu kama mwenyewe. Kwa hiyo wenye miradi, hata kama hamjui Python, kabla ya kumlipa mtu malipo ya mwisho mpelekeni kibandani. Mfumo ukiwa unafanya kazi, chomoeni waya wa mtandao, mhesabu sekunde mpaka skrini ikiri kwamba haijui kina na pampu isimame. Urudisheni, muone kama vipimo vinarudi bila mtu kugusa kompyuta. Kisha zimeni breka ya kichwa, mrudie yote. Mwisho chomoeni waya wa kihisi cha tangi peke yake. Kitone kikibaki kijani katika jaribio lolote kati ya hayo, msisaini.