Mti wa kuanzia kwenye mlima mkavu wa chokaa

Unauliza uanze na mti gani kwenye mlima wa chokaa usio na udongo? Angalia Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alijaribu aina 26 za miti kwenye machimbo ya chokaa; mvinje (Casuarina) ndio uliotamba, kwa kuwa vijidudu vya mizizini huupatia naitrojeni kutoka hewani. Majani yake makavu yalirundikana bila kuoza mpaka walipoletwa majongoo wakayatafuna, udongo ukaanza kupatikana.

Ila usiige tu! Kule maji yako karibu chini, mlimani hayapo. Tembelea kwanza miamba ya jirani uone miti ya kienyeji inayoota yenyewe, okota mbegu zake, kisha panda kwenye nyufa zenye udongo mvua zikianza. Mbuzi wazuiwe kabisa.