Dakika Moja Kwenye Kona

Vijana wanaokuja kuvaa glavu huku kwetu Majengo karibu wote huniuliza swali moja: moyo wa bingwa unapatikanaje? Wengi wanadhani moyo huo ni hasira. Wameshatazama zile video za simuni, mtu anatwanga begi, muziki unanguruma, na sauti nzito inamwambia asikate tamaa. Sina neno na video hizo, lakini hasira hukauka raundi ya pili. Nilipokuwa napigana ngumi za ridhaa niliwaona wengi waliopanda ulingoni wakitoka mvuke, na kabla ya kengele ya mwisho mikono imeshashuka kiunoni.

Mimi nikitaka kumjua bondia humtazama akiwa amekaa. Kengele ya kumaliza raundi imelia, ana dakika moja kwenye kigoda. Kuna anayetafuta marafiki zake kwa macho. Kuna anayemlalamikia refa. Na kuna anayevuta pumzi kwa pua, akasikiza neno moja la kocha, akainuka nalo. Huyo ndiye wangu.

Kwa hivyo fanyia mazoezi dakika ile. Kila ukimaliza raundi ya begi, kaa chini, pumua taratibu, ujiulize ni kitu gani kimoja utakibadilisha ukirudi. Kimoja tu, kwani ukienda na vitano utasahau vyote kwa konde la kwanza.

Watu wakimtaja Muhammad Ali husifu mdomo wake. Mimi namsifu kwa alichofanya Kinshasa, Oktoba 1974. Mpinzani wake, George Foreman, alikuwa na miaka 25, Ali 32. Mwaka uliotangulia Foreman alikuwa amemwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Kila mtu alitarajia Ali acheze kwa miguu, akimbie. Raundi ya kwanza ilimwonyesha kwamba akikimbia usiku ule, kwa joto lile, atachoka yeye kwanza. Raundi ya pili akaegemea kamba, akajifunika, akamwacha mwenzake arushe makonde hadi nguvu zimwishe. Ya nane akamlaza. Kuitupa mipango yako mwenyewe mbele ya dunia nzima, tena bado mapema, kunataka akili tulivu kuliko ubabe.

Sasa, habari ya hamu ya mazoezi. Siku za kukosa hamu ni nyingi kuliko za kuwa nayo, na hapa Mombasa jua likishapanda hakuna wa kukimbia. Ushauri wangu ni kufunga mazoezi kwenye jambo ambalo tayari halihami. Mwenye kuswali alfajiri ameshaamka. Kilichobaki ni viatu, kisha kukimbia ufukweni pale Mama Ngina kabla watu hawajajaa. Mwezi wa Ramadhani sogeza mazoezi usiku, baada ya tarawehe, na kwenye futari uzionee huruma zile viazi karai. Jioni ukikaa maskani na wenye kutafuna muguka, ndugu yake miraa, hadi usiku wa manane, hiyo alfajiri sahau. Na tafadhali usikimbie juani umejifunga mifuko ya plastiki ili upunguze kilo. Unapoteza maji tu, na maji hayo utayahitaji ulingoni.

Wapo wanaokuja kwa ajili ya pesa. Siwalaumu, maisha ni magumu. Ila bondia wetu Fatuma Zarika alitwaa mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC mwaka 2016 huko Marekani baada ya zaidi ya miaka kumi kwenye ngumi za kulipwa, tena akiwa mama. Kama pesa peke yake ndiyo inayokuamsha, sidhani kama utaifikisha miaka yote hiyo. Tafuta na sababu nyingine.

Liko jambo vijana hawapendi kulisikia kwangu. Robert Wangila alituletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988. Mwaka 1994 alifariki kwa majeraha ya pambano la Las Vegas. Moyo alikuwa nao, hakuna mwenye shaka. Ndiyo maana namheshimu sana Eddie Futch, kocha wa Frazier alipopigana na Ali kule Manila mwaka 1975: raundi ya 14 ilipokwisha, kijana wake haoni vizuri na bado anataka kuendelea, mzee akakataa. Hakuna aliyemwita Frazier mwoga.

Kabla ya pambano kubaliana na kocha wako kwamba akisema basi, ni basi, hata ukimtukana. Na ukitoka ulingoni kichwa kikawa kinazidi kuuma, ukatapika, ukaona vitu viwiliviwili au usingizi ukawa haukuachi, usilale nyumbani ukisubiri kuche. Nenda hospitali usiku uleule, hata kama umeshinda.