Nani aliziua? Barua kwa binti yangu

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Mama yako mguu umepungua uvimbe, kuku wanataga, na jikoni bado panavuja. Ndoo iko palepale ulipoiacha.

Nimekaa na swali lako tangu Jumapili ile ulipotukuta kijiweni chini ya mwembe, wazee watano na bao letu. Ulitusikiliza karibu saa nzima tukizisifu kampuni za uchukuzi za zamani, kisha ukauliza kwa adabu kabisa: “Wazee wangu, kila mtu anamsifu marehemu, mbona hakuna anayesema alikufa na nini?” Uliona mwenyewe kilichotokea. Mmoja akakohoa, mwingine akadai ni zamu yake ya kucheza, na maneno yakahamia kwenye bei ya mbolea. Jana umenirudia kwenye simu: baba, nani aliziua? Jibu lake haliingii kwenye ujumbe wa simu, na kijiweni silisemi. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Kwanza umjue marehemu. Miaka ya 70 serikali iliposhika uchumi, mikoa mingi ilipata kampuni zake za uchukuzi. Kwa jumla tuliziita RETCO, na nyingine zilikuwa na majina yake. Dodoma walikuwa na KAUDO. Zilibeba mahindi, pamba, mbolea, saruji, na watu pia, ingawa kwa abiria wa safari ndefu mwenye jina alikuwa KAMATA, kampuni ya mabasi ya taifa. Ya kwetu sitaitaja. Nitakayosema mbele ni ya aibu, na wengine tuliofanya nayo kazi bado wapo hai.

Yule mzee wa kofia ya kiua, ambaye hakuna anayethubutu kumkatiza, hakuwa mwenzetu wa mkoa. Yeye ni wa Zambia–Tanzania Road Services. Ian Smith, mkubwa wa walowezi, alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, Novemba 1965, Zambia ikajikuta shaba yake na mafuta yake vinapita mlangoni kwa adui. Mwaka uliofuata ikaundwa kampuni ile, Zambia na Tanzania pamoja na Wataliano, na malori ya Fiat yenye matela yakaanza kupanda kutoka Dar es Salaam hadi huko Copperbelt kwenye migodi ya shaba, yakipeleka mafuta na kurudi na shaba. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa udongo mtupu. Wazungu waliita njia ya jehanamu, na mzee akifika hapo huwa anacheka, anasema wao walipita mara moja na kamera, yeye alipita kila wiki.

Anapenda kusimulia kwamba lori la shaba huonekana tupu. Shaba ni nzito, ukiipanga chini kwenye bodi inafika kimo cha goti tu na tani zote zimeshatimia. Ukipishana naye unadhani anarudi bure, kumbe springi zimelala.

Kampuni yake ilipokonywa mzigo na vitu vinavyoonekana. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likachukua mafuta. Mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, shaba ikapanda treni. Kwa hiyo huyu mzee anaweza kusimulia habari za kampuni yake huku amenyanyua kichwa. Sisi wa mikoani tunaishia katikati ya hadithi.

Na katikati palikuwa pazuri, hilo usilikatae. Nilianza utingo mwaka 1974, kwenye Leyland iliyokuwa ikipeleka mbolea Songea na kurudi na mahindi. Dereva wangu hakunifundisha kushika usukani mpaka nilipojua kushika gogo. Gogo letu lilikuwa la mninga, limechongwa pembe tatu, lina tundu la kupitisha kamba, na limeingia mafuta na matope mpaka likawa jeusi kama chungu. Mlima Kitonga, tukiwa na mzigo, lori lilipanda polepole kuliko mtu anayetembea. Basi mimi nateremka, natembea kando ya tairi la nyuma upande wa mlimani, gogo mikononi, masikio kwenye injini. Dereva akikanyaga klachi kuingiza namba moja, kuna kama kupepesa jicho hivi ambapo lori halina gia. Gia ikikubali, unasikia mlio unakaza na unaendelea kutembea. Ikikataa, lori linaanza kurudi. Hapo unalitupa gogo nyuma ya tairi na unaruka kuelekea mlimani. Ukiruka kuelekea bondeni, tela likijikunja linakukuta hukohuko. Tairi linapanda gogo kidogo, linatoa sauti kama mtu anayeguna, linatulia. Dereva anatoa mkono dirishani, hasemi kitu, anagonga mlango mara mbili. Maana yake: umefanya kazi, tuendelee.

Kwa mlima mmoja ule gogo lilianguka mara kumi, kumi na tano. Harufu ya ferodo za breki zilizoungua na klachi iliyochoka mpaka leo nikiisikia mahali napata njaa, maana juu kabisa ndipo tulipokuwa tunasimama kula.

Halafu kuna Lukumburu, kabla lami ya Makambako hadi Songea haijafika katikati ya miaka ya 80. Masika barabara ile ilikuwa uji. Unakwama siku tatu, foleni inakuwa ndefu kuliko kijiji, na mtu wa kampuni ya mkoa mwingine kabisa anakupa betri yake uwashie, au spana, au mchele. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Lori la mwenzio likiwa limesimama, na wewe unasimama. Wazee wanapolia na kampuni za zamani, nadhani nusu ya kilio ni hicho. Wameipa kampuni sifa iliyokuwa ya barabara mbovu.

Nusu nyingine ni kitabu cha getini. Ukitoka, askari anaandika saa, kilomita, dizeli iliyomo, na namba za matairi yote, moja moja, pamoja na spea. Matairi yalikuwa na herufi za kampuni zilizounguzwa kwa chuma cha moto. Ukirudi anazisoma tena. Tulimchukia yule askari. Sasa tunamkumbuka, kwa sababu ukichelewa siku mbili yeye ndiye aliyekwenda kumgongea meneja usiku. Mtu alikuwa anakungoja na kalamu.

Sasa swali lako.

Ukimuuliza mchumi atakutajia mambo ambayo yote ni kweli. Vita ya Kagera ilipoanza mwishoni mwa 1978, malori mengi ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na vifaa, na yaliyorudi yalirudi yamechoka. Mafuta yakapanda bei duniani. Fedha za kigeni zikawa adimu, na bila fedha za kigeni hakuna nozeli, hakuna betri, hakuna tairi. Kila kitu kikawa kwa kibali. Uwanja wetu ulikuwa na Leyland, Fiat, Isuzu na Scania, na kifaa cha moja hakiingii kwenye nyingine. Scania zilikuwa zikiunganishwa hapohapo Kibaha na bado spea ilikuwa vita. Lori likilala wiki moja limevuliwa dinamo kumsaidia jirani, wiki ya pili difu, na wiki ya tatu ukiliuliza stoo wanakwambia hilo ni bodi tu. Nauli ya mzigo nayo haikuwa mikononi mwa meneja, na wateja wetu wakubwa walikuwa mashirika kama sisi, yasiyolipa kwa wakati kwa sababu nayo hayakulipwa.

Mchumi atafunga daftari hapo. Mimi nilikuwemo, siwezi kufunga hapo.

Mshahara wakati huo ulikuwa unaisha tarehe kumi. Tulianza na abiria. Juu ya magunia ya mahindi wanakaa watu kumi na wawili, nauli inaingia mfuko wa shati, na kampuni inabaki na springi iliyovunjika. Tukaja kwenye dizeli: mpira mfupi, debe, na mteja anayejua saa yako ya kupita. Ukizima gia kwenye mteremko ukaliachia lori liteleze, unaokoa lita kadhaa za kuuza, na siku breki zinapokataa unazika utingo. Nimewazika wawili ambao hawakuwa wangu, na sikuuliza, kwa sababu nilijua. Miezi ile ya 1983 ya kuwasaka wahujumu uchumi tuliendesha kama malaika, kila kizuizi cha barabarani tunatoa karatasi kabla ya kuulizwa. Aprili 1984 Sokoine, Waziri Mkuu aliyeongoza msako ule, akafariki kwa ajali pale Dakawa. Nchi nzima ililia, na mimi nililia kweli. Kufikia mwisho wa mwaka mpira na debe vilikuwa vimerudi chini ya kiti.

Kisha kuna tairi. Mwaka 1985 kampuni ilipata matairi mapya sita baada ya kusubiri kibali tangu masika yaliyotangulia. Mawili yakaja kwangu, kwa kuwa nilikuwa dereva mwaminifu. Neno hilo limo kwenye faili langu. Safari ya pili tu, mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na kilori chake kimoja kibovu akaniita pembeni. Tulikwangua herufi kwa kipande cha msumeno, ikatuchukua usiku mzima, mpira mpya ni mgumu na chuma cha moto kilikuwa kimezama. Alinipa tairi lake kuukuu lenye nyuzi nje, nikalifunga. Mtu wa stoo akarekebisha namba kwenye kitabu kwa fungu lake, na getini askari akaisoma namba mpya, akalitazama tairi, akanitazama mimi, akaandika.

Huo ndio wakati nilioona kampuni imekufa, ingawa iliendelea kutoa moshi miaka kadhaa. Kilichonishtua hasa ni kalamu ya yule askari wa getini kuandika kitu ambacho macho yake yanakikataa. Hakuchukua hata senti. Alichoka tu kuwa peke yake.

Tangu 1984 serikali ilikuwa imeruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na malori ya watu binafsi yakaanza kuonekana, yamepakwa rangi, yana majina ya watoto mbele. Yule wa kilori kimoja akawa na matatu, kisha saba. Mwaka 1992 ilipoundwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma, kwetu palikuwa na kidogo sana cha kurekebisha: uwanja, mlinzi, na malori yamekaa juu ya magogo bila miguu. Mnadani alikuja na yeye, amevaa suti, akanunua bodi nne. Alinisalimia kwa heshima sana. Niliendesha lori lake miaka kumi na moja, na huo mshahara wake ndio uliokusomesha sekondari, hivyo sina neno baya la kumwambia.

Wewe leo unakaa ofisini Dar unaliona lori kwenye kioo cha kompyuta. Likisimama Ruaha Mbuyuni dakika arobaini unampigia dereva, dizeli ikishuka ghafla kengele inalia. Vijana wako wanalalamika kwamba mnawafunga kamba. Wakikulalamikia, wasikilize, maana anayelindwa na mashine masaa yote naye hupata namna yake. Lakini usikiondoe kidude hicho cha kufuatilia lori. Jambo moja tu nakuomba: dereva akichelewa, kabla hujamuuliza mafuta, muulize kama yuko mzima. Yule askari wa getini alikuwa anaanza na hilo.

Kwa hiyo usitusubiri tuseme chini ya mwembe. Kila mmoja pale ana tairi lake. Mmoja ni injekta, mwingine ni magunia ya sukari. Mzee wa shaba anajua, ndiyo maana tukifika miaka ya 80 huwa anaanza upya habari za Wataliano, ili kutusitiri.

Mwaka jana ulitaka kuleta fundi abadilishe bati za jikoni, nikakataa, ukadhani ni ubahili wa uzee. Yule bwana hakunilipa pesa kwa lile tairi. Bati wakati ule nazo zilikuwa kwa kibali. Alinipa nane, geji 30, nikazipakia usiku chini ya turubai. Mama yako hakuuliza. Wewe ulikuwa na miaka mitano, ulikaa chini yake mvua ya kwanza ukashangilia kelele.

Fundi akija, mwambie aanze na zile nane za upande wa magharibi.

Baba yako