Je, Einstein Alithibitisha Kwamba Kesho Ipo Tayari?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimesikia kwamba Einstein alithibitisha kuwa wakati ni njozi na kwamba yajayo yapo tayari. Kuna bwana mtaani kwetu anayedai kuwa kwa sababu hiyo anaweza kumtazamia mtu mambo ya miaka ijayo. Je, fizikia inamuunga mkono? (Msomaji, Kisauni)

Jibu: Marahaba. Haimuungi mkono hata kidogo, na dai hilo la njozi limenichosha. Linatokana na barua ya rambirambi ambayo Einstein aliiandikia familia ya rafiki yake Michele Besso mwezi Machi 1955. Aliandika ili kuwafariji wafiwa, hakuwa akitangaza matokeo ya jaribio.

Nadharia yake ya uhusianifu ya mwaka 1905 inasema jambo jingine: hakuna "sasa" moja kwa ulimwengu wote. Mwanga huchukua takriban sekunde 1.3 kutoka mwezini hadi hapa. Kwa hiyo, tukio la Mombasa na tukio la mwezini yakipishana kwa muda mfupi kuliko huo, watazamaji wenye mwendo tofauti wanaweza kuhitilafiana kuhusu lipi lilitangulia, na wote wakawa sahihi. Lakini pale ambapo tukio moja linaweza kuliathiri jingine, watazamaji wote hukubaliana kwamba sababu ilitangulia matokeo. Sehemu hii ndiyo wauza utabiri huiruka.

Ni kweli kwamba wapo wanafalsafa, Hilary Putnam akiwa mmojawao mwaka 1967, waliojenga hoja kutokana na nadharia hiyo kwamba matukio ya kesho yapo sawasawa na ya leo. Wengine wanaipinga, na mjadala haujafungwa. Hata tukimkubalia Putnam, nadharia hiyohiyo hairuhusu habari ya kesho itufikie leo. Kuwapo kwa Malindi hakumpi aliyeketi Mombasa macho ya kuiona.

Wala wakati haukufutwa. Saa za setilaiti zinazoiongoza ramani ya simu yako zingeachwa bila kurekebishwa, zingetangulia saa za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 (yaani sehemu 38 za milioni za sekunde) kila siku, na njozi haipimwi hivyo.

Siku hizi kila tapeli ana fizikia yake: huyu anauza bangili ya "kwanta", yule anatibu kwa "mawimbi", na jina la mwanasayansi hutajwa muda mfupi kabla ya bei. Huyo bwana wenu, kabla hamjampa chochote, mwombeni aandike leo jambo moja litakalotokea kesho bandarini Kilindini, pamoja na saa yake, kisha karatasi ibaki kwenu.