Vidoti vya kwanta bila kadmiamu vinapeanaje nishati

Kaka wa Lindi ulouliza, kwa ajili ya boti yako, kama vidoti vya kwanta (chembe za semikondakta ndogo mno, za nanomita chache tu) visivyo na kadmiamu, ile metali yenye sumu, vinaweza kweli kurushiana nishati ya jua, ndio vinaweza, tena bila waya. Chukua vya indiamu fosfaidi, kidoti kidogo kinatoa mwanga wa kijani na kikubwa kinatoa mwekundu, malighafi ni ileile tofauti saizi tu. Sasa kidogo kikipigwa na mwanga wa bluu kinachangamka, ila badala ya kutoa mwanga wake kinamkabidhi jirani mkubwa ile nishati moja kwa moja, fotoni, yaani chembe ya mwanga, haitoki kabisa hapo kati, na kinyume chake haiendi maana mkubwa hana nishati ya kutosha kumchangamsha mdogo. Theodor Förster wa Ujerumani ndo aliipigia hesabu miaka ya 1940, umbali ukiongezeka mara 2 kasi ya kukabidhi inashuka mara 64, kwa hiyo mchezo wote uko ndani ya nanomita 10 hivi.

Kimbembe ni ganda la zinki salfaidi linalofunika kila kidoti. Likiwa nene linalinda kidoti vizuri lakini linawaweka majirani mbali, likiwa jembamba nishati inapotelea kwenye kasoro za juu ya kidoti, mi naona hapo ndo kazi ilipo kuliko kwenye hizo sifa za urafiki na mazingira.

Kwa boti yako funga paneli ya silikoni tu, haya ya vidoti kupeana nishati ya jua bado ya maabara.