Karate, ngumi na judo chini ya paa moja: anza na miguu

Kijana wa Ngarenaro, Arusha, ameandika kuuliza: ukumbi ulio jirani na kwao unafundisha karate, ngumi na judo kwa ada moja ya mwezi. Je, ajiandikishe zote tatu kwa mpigo? Mdogo wangu, hapana. Zote tatu utazipata, lakini kwa zamu.

Kinachogombana ni mazoea ya mwili. Kwenye Shotokan, mojawapo ya staili za karate, ngumi ya kulia ikitoka, mkono wa kushoto unarudi kwa nguvu hadi kiunoni. Mkono huo una kazi yake: ni kama umemshika mtu unamvuta aifuate ngumi. Ndani ya glovu hujamshika mtu. Mkono unatakiwa urudi shavuni, na ukienda kiunoni uso umebaki wazi. Anayefundishwa yote mawili wiki moja anajua kwa maneno tofauti ilipo, ila akichoka raundi ya pili mkono unakwenda unakotaka wenyewe.

Miguuni ni pagumu zaidi. Ule msimamo mrefu wa Shotokan unaegemeza uzito mwingi kwenye goti la mbele lililokunjwa. Unakupa ngumi nzito, lakini mguu huo hauinuki haraka, na teke la chini la kikiboksi linaupata pajani. Bondia husimama kwa ufupi, kisigino cha nyuma kimenyanyuka kidogo. Wa judo husimama wima na kifua kikimwelekea mwenzake, kwa sababu anataka kushika ukosi na mkono wa koti. Miguu ya mwanafunzi mpya haiwezi kubeba misimamo mitatu. Chagua staili moja iwe mama, ikae miezi 6 peke yake, ndipo uongeze ya pili.

Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882, alijifunza kwanza jujutsu ya shule ya Tenjin Shin'yo-ryu, kisha akaongeza ya shule ya Kito-ryu iliyompa mitupo. Hakuanza na zote siku moja.

Jambo moja tu halisubiri miezi 6: kuanguka. Lijifunze wiki ya kwanza, hata kama umekuja kwa ajili ya ngumi. Chuchumaa, kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda. Jiachie nyuma mgongo ukiwa wa duara, na kabla mgongo haujafika wote chini piga mkeka kwa mikono miwili, viganja chini, huku ukitoa pumzi. Mikono iwe nusu ya njia kati ya mbavu na usawa wa mabega. Ukiitandaza sana, bega linaumia. Ukiibana, kiwiko kinakuchoma ubavuni. Kosa kubwa ni kupeleka kiganja nyuma kuudaka mwili: kifundo cha mkono, kiwiko au mfupa wa bega ndio unaolipa. Fanya mara 20 kila zoezi ukichuchumaa, na usijaribu kuanguka ukiwa umesimama mpaka kichwa kiache kabisa kugusa chini.

Hapo tazama sakafu. Kumbi nyingi za Arusha na Moshi ni saruji iliyotandikwa vipande vya povu. Povu la sentimita 2 linafaa mateke, halifai mitupo. Mkeka wa judo unaanzia sentimita 4, na ni mgumu. Kanyaga kwa kisigino kwa nguvu: ukiisikia saruji, usikubali kutupwa. Godoro laini nalo si dawa, maana vidole vinazama, mwili unageuka na goti linabaki nyuma.

Ukishaongeza staili ya pili, ratiba ya siku 3 kwa wiki inatosha: siku 2 za staili mama, siku 1 ya staili ya pili. Mitupo na ngumi zikiangukia jioni moja, mitupo itangulie na begi la kupiga ngumi lifuate, kwa kuwa miguu iliyochoka huanguka vibaya. Mwezi wa 7 Arusha, ukumbi ukiwa na baridi kama friji, ongeza dakika 10 za kupasha mwili kabla ya teke lolote la juu. Moshi kwenye joto, futa jasho kwenye mkeka kila baada ya zamu, na fua gwanda kila ulipolivaa. Fangasi wa ngozi hupita hapo.

Mwalimu naye aulizwe bila woga, ila kwa adabu: "Shikamoo mwalimu, judo ulifundishwa na nani, na mkanda ulipewa wapi?" Mwenye mkanda mweusi wa karate anayekufundisha na mitupo aliyoitazama kwenye simu anakuweka hatarini, na hilo sitalipaka rangi. Afadhali shule yenye walimu wawili wa staili mbili kuliko mmoja wa staili tano.

Baada ya miezi 6 jipime. Vaa glovu, cheza sparingi (pambano la mazoezi) nyepesi raundi 3 za dakika 2, mwenzako akurekodi kwa simu. Itazame raundi ya mwisho peke yake, uhesabu mara ngapi mkono umeshuka chini ya kidevu. Zikizidi 5, staili ya pili isubiri mwezi mwingine.