Kubusti betri ya gari: waya upi utangulie, na kwa nini linazima tena kesho yake

Mkuu, umesema Toyota IST yako asubuhi inatoa tik-tik-tik tu, taa za dashibodi zinafifia ukizungusha ufunguo, jirani mmoja ana lori la Fuso na mwingine ana Noah. Unataka kubusti, yaani kuazima umeme wa betri ya gari jingine, na umeuliza pia kama likisukumwa litawaka. Humu ndani umeshapewa maelekezo matatu yanayogongana kuhusu waya upi utangulie. Naandika kirefu kwa sababu moja ya maelekezo hayo, lile la kuazima umeme wa Fuso, ni la kuachana nalo kabisa.

Fuso inatumia volti 24: betri mbili za volti 12 zimefuatanishwa, chanya ya moja imeingia kwenye hasi ya nyingine. IST ni volti 12. Ukiimwagia 24, vinavyotangulia kuungua ni redio, kontrol boksi (kompyuta ya gari) na dayodi za alteneta (kifaa kinachochaji betri), na betri yenyewe inaweza kuchemka. Wapo mafundi wanaochukua umeme kwenye betri moja tu ya lori. Ni volti 12 kweli, lakini ukikosea ukachukua ile ambayo hasi yake haijafungwa kwenye bodi, hasi hiyo tayari iko volti 12 juu ya bodi ya lori, na bampa zikigusana tu umepiga shoti. Usihukumu kwa ukubwa wa gari, fungua uangalie betri. Land Cruiser yenye betri mbili zilizoungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi bado ni volti 12. Zikiungwa chanya kwa hasi ni 24, achana nayo. Noah ya jirani, ya volti 12 kama yako, inatosha na kubaki.

Kabla hujamwamsha mwenye Noah, sikiliza gari lako. Tik-tik ya haraka maana yake solenoidi (swichi) ya stata, ile mota inayozungusha injini, inavuta, volti zinaanguka, inaachia, inavuta tena; hapo chaji ni ndogo au umeme haupiti sawasawa. Ukisikia "tak" moja nzito halafu kimya, na taa zikabaki kali, tazama stata au waya wa ethi (ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini). Injini ikizunguka kwa nguvu lakini haishiki, betri haina kosa: shida ni mafuta, plagi, au imobilaiza (kinga ya wizi) haiusomi ufunguo, na kubusti hakutakusaidia chochote.

Halafu shika kichwa cha waya kwenye betri ukizungushe kwa mkono. Kikicheza, huenda umeshapata ugonjwa wenyewe. Magari mengi madogo ya Kijapani yametengenezwa kwa betri zenye ncha nyembamba. Ukiwekewa yenye ncha nene, fundi anapanua kibanio, na siku ukirudishiwa nyembamba kinabaki kimelegea. Ndipo unapokuta mtu amechomeka msumari au kipande cha kopo kukaza. Taa na redio zitawaka vizuri tu maana zinakula umeme kidogo, lakini stata inayotaka ampea mia na zaidi haipati kitu. Nunua kibanio kipya, ni bei ndogo. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, legeza kwa spana namba 10 ukianza na hasi, mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo (vifuniko vya betri viwe vimekazwa, yasiingie ndani), sugua kwa brashi, futa, pitisha msasa hadi risasi ing'ae. Rudisha ukianza na chanya, kaza, ndipo upake grisi kwa juu. Grisi ikitangulia kati ya ncha na kibanio inaweza kuzuia mguso wa chuma kwa chuma.

Sasa waya. Zile nyepesi zinazouzwa barabarani kwenye foleni zina plastiki nene na nyuzi chache ndani, na mara nyingine nyuzi hizo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwa injini ya petroli kama yako tafuta waya wenye shaba ya milimita za mraba 16 hadi 25. Kwa dizeli, 35. Urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu unatosha, kwa sababu kadiri waya unavyorefuka ndivyo volti zinavyopotea njiani. Tazama pia pale waya unapoingia kwenye kibanio. Kama umebanwa kijuujuu badala ya kusokotwa na kubanwa kwa nguvu, hapo ndipo patakapopata moto. Ukiwasha ukakuta waya umekuwa wa moto mkononi, simamisha. Ule moto ni umeme uliotakiwa kufika kwenye stata.

Magari yasigusane. Yote mawili yawe yamezimwa, gia kwenye P (au nyutro kwa manyuo, yaani gia za mkono), hendibreki juu, taa, redio na AC vimezimwa. Betri ikiwa imevimba, imepasuka au inavuja, usibusti, kanunue nyingine.

Hakikisha alama za + na - kwa macho, usiamini rangi ya waya wa gari. Kuna magari yaliyopita kwa mafundi wengi hadi waya wa hasi umevalishwa utepe mwekundu. Mpangilio ni huu: kibanio chekundu kwenye chanya ya betri iliyoisha, chekundu cha pili kwenye chanya ya Noah, cheusi kwenye hasi ya Noah, na cheusi cha mwisho kwenye chuma tupu cha injini ya IST, mbali na betri. Hicho cha mwisho ndicho watu wanachobishania humu, basi nieleze sababu.

Betri ya asidi inapochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto kirahisi sana. Muunganiko wa mwisho ndio unaokamilisha mzunguko, na ndio unaotoa cheche. Cheche ikitokea juu ya betri yenye gesi, betri inaweza kupasuka na kukurushia asidi usoni. Ikitokea nusu mita kutoka hapo, haina madhara. Wengi wanabana moja kwa moja kwenye hasi na hakuna kinachotokea, ndiyo, ila siku ikitokea ni macho yako. Mahali pazuri pa kubana ni kile kipande cha chuma chenye tundu cha kunyanyulia injini, au boliti kubwa iliyo wazi. Usibane kwenye chuma chenye rangi, bomba la AC, wala karibu na mpira wa mafuta, na waya zikae mbali na feni na mkanda.

Na kwa nini chekundu kianze? Bodi yote ya gari ni hasi. Ukiwa umeshaunga vyeusi, kisha kibanio chekundu kinachoning'inia kikagusa bodi popote, ni shoti ya betri nzima. Ukianza na chekundu, hatari hiyo inakuwa ndogo. Kwa hali yoyote usiache vibanio viwili vya upande mmoja vigusane baada ya upande wa pili kuungwa.

Washa Noah, iache ingurume kwa dakika 5 hadi 10, resi kidogo tu. Usiruke hatua hii, hasa kama waya ni nyembamba: hizo dakika zinaitia betri yako chaji kiasi, ili stata isitegemee waya peke yake. Ndipo uwashe IST. Usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 5 hadi 10, na ukishindwa pumzisha dakika nzima, la sivyo stata inaungua. Ikigoma mara tatu, tikisa vibanio ving'ate vizuri, hamisha kile cha ethi kwenye chuma kingine, subiri dakika nyingine kumi. Ikiendelea kugoma, acha kuitesa Noah ya watu, tatizo ni jingine.

Ikiwaka, iache dakika chache na waya zikiwa bado zimeungwa, kisha washa feni ya AC ya IST mwendo wa kati; itameza ule mruko wa volti unaotokea unapochomoa. Chomoa kinyume cha ulivyounga: cheusi cha kwenye injini ya IST, cheusi cha Noah, chekundu cha Noah, chekundu cha IST.

Waliobadilisha chanya na hasi kwa bahati mbaya: mara nyingi kinachojitoa mhanga ni fyuzi kubwa ya alteneta kwenye boksi la chini ya boneti, ile ya ampea 100 au 120. Gari linakuwa kimya kabisa, au linawaka lakini halichaji. Nyingi kati ya hizi zimefungwa kwa boliti, haichomolewi kwa vidole. Toa waya wa hasi wa betri kwanza, badilisha fyuzi, na usithubutu kuunganisha kwa kipande cha waya. Kama baada ya hapo bado haichaji, dayodi za alteneta zimeondoka.

Swali lako la pili, kusukuma. IST nyingi ni otomatiki, na otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, kwa sababu pampu ya mafuta ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikiwa imesimama, magurudumu hayana njia ya kuizungusha. Kwa manyuo: swichi iwe ON, gia ya pili, klachi chini, mkipata kasi ya mtu anayekimbia achia klachi haraka, ikishika kanyaga tena. Gia ya kwanza inashtua mno na inaweza kufunga magurudumu.

Wenye Aqua na Prius, yaani haibridi (zenye injini na mota ya umeme), habari ni tofauti kidogo. Betri ndogo ya volti 12 mara nyingi iko nyuma (kwenye Aqua iko chini ya siti ya nyuma), lakini kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti kuna sehemu ya chanya yenye kifuniko chekundu kwa ajili ya kazi hii. Betri hiyo inahitaji kuamsha kompyuta tu hadi READY itokee, kwa hiyo umeme kidogo unatosha. Kinyume chake usikubali: haibridi haipaswi kulibusti gari jingine, maana mfumo wake wa volti 12 haukutengenezwa kulisha stata ya injini nyingine.

Basi IST imewaka. Watu wengi wanazunguka mtaa dakika 20, wanazima, kesho tik-tik ileile, halafu wanasema betri mpya ni feki. Betri ya ampea-saa 45 iliyoisha kabisa haijai kwa dakika 20 za foleni na AC ikiwa inavuta. Inataka saa kadhaa za barabarani, au bora zaidi chaja ya ukutani ya ampea 4 hadi 5 usiku kucha. Alteneta imetengenezwa kutunza betri iliyojaa; kuilazimisha kufufua betri zilizokufa kila wiki ni kuimaliza.

Nunua mita ya kawaida ya mafundi umeme, ya bei ya chini kabisa inatosha. Betri iliyopumzika usiku kucha ikisoma 12.6 imejaa, 12.2 ni kama nusu, chini ya 12 imeisha. Mtu azungushe ufunguo nawe ukiangalia: ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, na ilikuwa imejaa, betri imechoka. Injini ikiwaka usome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, haichaji: anza na mkanda, kisha alteneta. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha volti za alteneta) imekufa na inaikaanga betri.

Hapa niseme jambo linaloniudhi. Kuna fundi atakayekuambia "tupime alteneta", achomoe kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma, aone kama itazima. Mzuie. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiiondoa ghafla volti zinaruka juu sana, na kontrol boksi au dayodi zinaweza kufa palepale. Zamani kwenye magari yasiyo na kompyuta ilipita. Mita inakupa jibu hilohilo kwa sekunde mbili.

Kama betri ni nzima na chaji ni nzima, basi kuna kitu kinakula umeme usiku. Weka mita kwenye ampea 10, toa waya wa hasi wa betri, ipitishe mita kati ya ncha ya hasi na waya huo, funga milango, subiri nusu saa kompyuta zilale. Miliampea 20 hadi 50 ni kawaida. Ukisoma 300, hiyo ni zaidi ya ampea-saa 7 kwa siku, na siku tatu zinamaliza karibu nusu ya betri yako. Chomoa fyuzi mojamoja hadi namba ianguke. Washukiwa wa kila siku ni redio iliyofungwa mtaani, alamu, kifaa cha kufuatilia gari, na taa ya buti isiyozima. Usijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake.

Ukilazimika kununua betri, soma namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani. Kwenye 46B24L, 24 ni urefu kwa sentimita, na L au R huonyesha upande ilipo chanya. Ukichukua ya upande usio wako waya hazifiki, na ndiyo mwanzo wa kuzivuta na kuzigeuza. Betri za kuongeza maji huongezwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale yasiyo na chumvi. Madukani "maji ya betri" wakati mwingine unapewa asidi, soma chupa. Asidi huwekwa mara moja tu, betri ikiwa mpya kavu.

Ukipata mita, weka hapa namba tatu: asubuhi kabla hujagusa kitu, wakati stata inazunguka, na injini ikiwa inanguruma huku taa zimewashwa. Na useme betri ina umri gani.